Kaza Kwanza

Jumamosi moja ya mwaka 1973, soko la Kamalondo, Lubumbashi, likiwa kelele tupu, Mado aliingia gereji iliyo nyuma ya soko hilo. Kitenge cha buluu, viatu vya kisigino, na nyuma yake wanaume wanne wakisukuma gari jekundu la mbio, mali ya bosi wa ofisi anakopiga taipu Mado. Fundi akatoka chini ya lori akijifuta mikono. Jamani! Feruzi! Yule yule aliyehamia Sakania miaka miwili iliyopita na ahadi zake zote, asilete hata salamu.

"Jambo, citoyenne," akasema Feruzi, macho chini.

Citoyenne! Raia, kama mtu baki! Zamani alimwita chérie, mpenzi. Mado akamwonyesha bolti ya injini iliyoshika kutu.

"Jambo, fundi. Boulon moja ya moteur iko kichwa nguvu. Bafundi batatu balishindwa."

"Nitaijaribu. Nilikuya kusaidia ndugu yangu tu, treni yangu ya kurudi iko saa kumi."

Basi. Bolti ikitoka, gari litaondoka, na Feruzi ataondoka. Mado, asikudanganye mtu, aliombea ile kutu ishike.

Feruzi akaipasha bolti moto, akaigusisha mshumaa. Nta ikayeyuka, ikapenya, moshi ukanukia kama kanisani. Kisha akazungusha spana upande wa kukaza.

"Weye! Unakaza tena?"

"Kaza kwanza kidogo, kutu ivunjike. Ukivuta tu kwa hasira, inakatika." Akainua macho. "Kama miye. Nilikasirika, nikakuacha."

"Ulikasirikia nini?"

"Nilipiga telefone ku bureau yenu. Banajibu: 'Hakuna Mado huku.' Nikaandika barua, ikarudi: inconnue, hajulikani. Nikasema, ulibaambia baseme vile."

"Ee Mungu wangu! Feruzi, ulipoondoka tu, serikali ikakataza majina ya kizungu! Ku bureau banaogopa hata kuyatamka. Sasa miye niko Kapinga, jina ya nkambo, mama ya baba. Na miaka yote hii nasema ulipata mke kule!"

"Mke? Nilipata maboulon tu. Kila treni ya Lubumbashi ikipita, nasimama naitazama."

Spana ikalia kwi! Bolti ikaachia. Wala hawakuitazama.

Lakini kazi ni kazi, na saa kumi Feruzi alipanda treni. Mado alibaki na Jumapili ndefu, moyo ukimwuma, kwa maana hakuachiwa hata neno moja la kushika.

Jumatatu saa tatu simu ikalia mapokezi ofisini. Mwaba, mpokea simu, akaita, "Kapinga! Muntu wa Sakania!"

Jina hilo Mado hakuwahi kulipenda. Aliliona kama nguo ya kuazima.

"Allô?"

"Kapinga," akasema Feruzi polepole, kama anayeonja mchuzi. "Kapinga yangu. Ulilala muzuri?"

Machozi yakamlenga. Kumbe lilikuwa jina zuri hivyo!

"Sikulala, chéri. Sema."

"Baba yako, zamani aliitwa Stanislas. Sasa banamuita nani?"

"Kwa nini?"

"Naandika barua ya kukuposa. Hii sitaki irudi."