Aliyeazimwa Jina Njiani Kwenda Oregon

Jua lilikuwa linazama, na Ketura bado anaokota mavi makavu ya nyati ya kupikia maharage. Mumewe, Lemuel, alikuwa amebeba tindo na nyundo, kaenda kuchonga jina lake kwenye Mwamba wa Dohani, kama kila mpumbavu aendaye Oregon.

"Ni hapo tu," alisema alipoondoka mchana.

Hapo tu! Kwenye nyika ile, jiwe la mwendo wa kutwa huonekana kama jirani anayeanika nguo.

"Alfajiri tunaondoka, shemeji," kiongozi wa msafara alimwambia Ketura. "Theluji ya milimani haimngoji Lemuel wako."

Ketura akatupa kapu la mavi, akamfuata mumewe huku anamtukana. Nani ataswaga ng'ombe wa kukokota gari? Mimi! Nani atapika? Mimi tena!

Alitembea. Giza likaingia. Mwamba haukusogea.

Akasikia tindo. Ko... ko... ko...

Ikaja harufu ya udongo uliofukuliwa sasa hivi.

Katikati ya njia, kwenye alama za magurudumu, alikaa mwanamume.

"Umemwona mume wangu?"

"Ni hapo tu, mama," akanong'ona.

"Usinianzie na wewe!"

Ndipo akamwangalia vizuri. Kifua kilikuwa bapa. Alama ya gurudumu ilikikata kutoka bega hadi ubavu.

Ketura akajua. Wafu wa safari huzikwa njiani, na magari yote hupitishwa juu ya kaburi ili mbwamwitu wasilifukue. Yeye mwenyewe alishapita juu ya wengi, akikaripia ng'ombe.

"Walinizika bila jina," mtu yule akasema. "Mumeo ana huruma. Kaniazima lake."

"Mwendawazimu huyo! Lemuel!"

"Naam," akaitika yule mtu.

Ko... ko...

Tindo ikakoma.

Ketura akakimbia, akajikwaa kwa mumewe. Alikuwa amepiga magoti mbele ya jiwe dogo kando ya njia, jina LEMUEL limechongwa juu yake, vidole vinavuja damu. Mwamba ulikuwa mbali vilevile. Akamwita, hakugeuka. Akamzaba kofi, akamburuta mpaka kambini.

Alfajiri waliondoka naye. Mzima, anakula, anaswaga ng'ombe. Ila kwa jina lake haitiki. Ketura akawa anamwita "wewe", na wanaume wengi hawastahili zaidi ya hilo.

Huko milimani ng'ombe waliteleza, gari likaanza kurudi nyuma kuelekea bondeni. Mume alikuwa mbele, kampa mgongo. Hasira zikampanda Ketura, akasahau kwamba jina si la mumewe tena.

"Lemuel! Zuia gari!"

"Naam," akaitika yule mtu wa njiani, chini ya magurudumu.

Gari likasimama.