Marehemu Anakuja kwa Miguu

Jumatatu asubuhi Kerowa alikuta tope jekundu kizingitini. Sisi wa Yelimba tope letu ni jeusi. Jekundu liko Okwari, ng'ambo ya mlima, alikofia mumewe.

"Aloisi," alimwita mwanawe, sauti chini. "Baba yako amefika."

"Baba tumeshamzika, mama."

"Ndio ujinga wenyewe huo!"

Kwa ndege, Okwari hadi Yelimba ni dakika kumi na mbili. Tambuu hujaimaliza mdomoni umeshatua. Kwa miguu ni siku nne, na mzimu haupandi ndege. Ndiyo maana mwili ukiletwa kwa ndege tunaulaza ndani, unuke usinuke, mpaka mwenyewe afike auingie, ndipo tuzike. Aloisi, na pua yake ya kimjini, alishindwa na harufu. Akamfukia babake Alhamisi ile ile aliyoletwa, ndege ilipoondoka tu.

Kilianza kunuka kinywa cha Aloisi. Alipiga mwayo, mbwa akatoka mbio. Jumanne akawa anamenya kiazi kitamu, ukucha ukabaki kwenye kiazi. Loo, kinyaa gani hiki! Jumatano ngozi ya shingo ilikuwa imelainika kama ndizi iliyooza, ukimshika inateleza na kukubakia mkononi, na chini yake kikachuruzika kitu cha manjano ambacho nzi walikigombania, na kila alipokohoa walimtoka funza weupe wakajinyonganyonga mkekani, na katikati ya kikohozi hicho ikatoka sauti ya mzee aliyechoka na safari: "Kerowa, miguu inaniuma. Nipe chakula."

Kerowa alitapika. Kisha akanong'ona, "Mtoke mwanangu, nakusihi. Mwili wako uko kaburini."

"Ule umeshaoza," sauti ikajibu. "Huu bado mbichi."

Akaitwa Bibi Ruki, mganga wetu. Alichungulia mlangoni, akatema tambuu, asiingie.

"Kesho Alhamisi, ndege inakuja. Mpakieni. Mzimu utabaki chini."

"Atapona, bibi?"

"Akipaa, atapona."

Asubuhi uwanjani rubani alimwona Aloisi akaziba pua. "Huyu ni abiria au mzigo?"

"Ni mwanangu!" Kerowa akamkaripia. "Mpeleke zahanati ya Okwari, na mdomo wako ufunge."

Ndege ikakimbia, ikainuka. Mwisho wa uwanja majani yakalala, unyayo baada ya unyayo, bila mtu, yakielekea njia ya mlimani. Tuliokuwa pale, Bibi Ruki akiwa mmoja wetu, tuliona, na uvundo uliobaki hewani ulitukaa kooni mpaka jioni.

Haikupita nusu saa redio ya uwanjani ikaita.

"Mama! Nimepona! Ngozi imeshika, sinuki tena!"

Kerowa alilia kwa furaha, akaikumbatia ile redio. "Mwanangu! Usikae huko, rudi upesi. Baba yako ameshashika njia, anakufuata!"

"Ndege imeshakwenda mjini, mama. Nyingine ni Alhamisi ijayo, kama kawaida."

"Basi toka kwa miguu."

"Nipite wapi? Njia ya kutoka Okwari ni hiyo hiyo moja anayokuja nayo."

Kerowa alimgeukia Bibi Ruki. Bibi alikuwa ameshaondoka. Akaanza kuhesabu vidole kwa sauti: Ijumaa, Jumamosi, Jumapili, Jumatatu.

"Mama?" Aloisi akacheka redioni, sauti safi kabisa, ya kijana mzima. "Unahesabu nini?"