Uzi wa Kijani kwenye Fyuzi

Jumatatu ile mume wa mshonaji mmoja alitoka alfajiri na pikipiki yake kutafuta abiria, baada ya kulala kitandani kwa homa Jumamosi na Jumapili nzima, na hakurudi. Lori lilimgonga kwenye kona ya kushoto baada ya daraja. Dereva aliapa kuwa pikipiki haikuwa na taa hata moja.

Wiki ya pili mpelelezi, mtu mzima mwenye macho ya kukosa usingizi, aliileta pikipiki uani pamoja na fundi umeme, mikono imefungwa pingu. Mjane alikuwa kwenye cherehani, akimalizia sare za shule za kijani. Msiba haulipi kodi.

"Huyo ndiye muuaji," alisema kaka mkubwa wa marehemu, aliyekuwa akikaa chumba cha uani tangu akose kazi. "Alimfungia zile taa mbili za ziada kienyeji!"

"Mzee, ningefunga kienyeji zingewaka mwaka mzima?" fundi alijibu kwa uchovu.

Mpelelezi alimfungua pingu. "Haya, tuonyeshe."

Fundi alichukua balbu yenye nyaya mbili, akagusisha kabla ya fyuzi ya taa za ziada. Ikawaka. Akagusisha baada yake. Ikawaka pia.

"Kwa hiyo fyuzi ni nzima," alisema mpelelezi.

"Hapo ndipo pananitisha. Tazama." Alikata usukani kushoto. Shingoni mwa pikipiki, waya wa taa za ziada ulikuwa umelika mpaka shaba ikagusa chuma. Toka hapo ulikuwa umeyeyuka, ukaunguza na waya wa taa kubwa. "Kazi ya fyuzi ni kufa mapema. Ingekufa, zingezimika hizi za ziada tu. Waya umeungua hivi, yenyewe imeponaje?"

Akafungua kikasha chake. Ndani hamkuwa na fyuzi. Palikuwa na karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, imesokotwa.

"Kijiweni marehemu alikuwa na mwenzake anayevuta," mpelelezi alisema. "Na waligombania abiria."

"Mkamateni basi!" alidakia kaka mkubwa.

Mjane alikuwa ameinama karibu. Mume wake alikuwa na mtindo wake: kila kiungo alikizungushia utepe, kisha akakifunga kwa uzi wa cherehani, maana utepe huteleza kwenye joto. Wenzake walimcheka: "Pikipiki yako utaidarizi lini?" Viungo vyote vilikuwa na uzi mweusi. Cha fyuzi kilikuwa na wa kijani.

"Uzi huu niliununua Jumamosi asubuhi," alisema taratibu. "Mume wangu alikuwa kitandani. Haukutoka nyumba hii." Akainua kiti cha pikipiki. Chini yake zilikuwa zimebandikwa fyuzi mbili mpya. "Na yeye asingefunga karatasi. Za akiba alizijua zilipo."



"Shemeji," alisema bila kugeuka, "unavuta nyuma ya choo ukidhani sisikii harufu. Jumamosi ulikwenda wapi?"

"Unanishuku mimi? Ndugu yangu wa damu?"

"Nakuuliza tu."

Kaka mkubwa akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, kama mtu aliyeshushwa mzigo.

"Nilichukua pikipiki yake kwenda kuomba kazi. Usiku nikirudi, nilipokata kona, zile za ziada zikazimika. Nikatoa fyuzi iliyokufa, nikaweka karatasi, zikawaka. Nikafunga kama anavyofunga yeye, asijue."

"Si ungemwambia tu?" aliuliza mjane.

"Niombe ruhusa kwa mdogo wangu? Nalala kwake, nakula kwake, na pikipiki nayo nimwombe?" Aliitazama pikipiki. "Nilijua ataniuliza kwa nini niliichukua. Sikujua kuwa karatasi itamuua."

"Na huyu fundi?" aliuliza mpelelezi. "Ulimwona akifungwa pingu ukanyamaza."

Kaka mkubwa akanyoosha mikono. Mpelelezi alimvisha pingu zilezile alizomvua fundi.

Sasa fundi amerudi kazini kwake. Shemeji yuko mahabusu anangoja kesi, na hana mtu mwingine. Jumatano na Jumapili mjane huacha cherehani, hufunika sahani, na kumpelekea chakula kwa miguu.