Fundi Abibu na Mbio za Jua Kali

Mwaka ule Katanga ilijitenga na Kongo. Bendera mpya zilipandishwa kila pembe ya mji wa Lubumbashi. Lakini nyumbani kwa Amida, katika mtaa wa mji huo uitwao Kenya, kilichomsumbua si bendera. Kilichomsumbua ni mume wake.

Mume wake aliitwa Abibu. Alikuwa fundi wa nguo. Kutwa nzima alikaa nyuma ya mashini yake ya kushona, barazani. Alikula vizuri na kulala vizuri, na tumbo lilikua. Siku moja vijana wa jandarmeri, jeshi jipya la Katanga, walipita mbele ya nyumba wakikimbia na kuimba. Abibu aliwatazama mpaka wakapotea. Kisha akajaribu kufunga kifungo cha patalo, suruali yake. Hakikufunga.

"Mama Alima," alimwambia Amida, kwa jina la mtoto wao wa kwanza, "kesho na mie nitakimbia."

"Utakimbia wapi?"

"Mpaka kwa reli, na kurudia. Bale basoda banakimbia, mie njo nitashindwa?"

"Bale ni batoto, Baba Alima. Weye uko na bajukuu!"

Abibu hakusikia. Kesho yake, saa sita mchana, alifunga kazi. Alikula kwanza sahani nzima ya bukari, ule ugali wa kwao, na samaki wa ziwani, apate nguvu. Halafu akavaa sweta nzito ya sufu.

Amida alishika kichwa. "Sweta? Na hili jua la Oktoba?"

"Mafuta iyeyuke."

"Basi kunywa maji."

"Hapana. Maji njo inajaza tumbo."

Akatoka mbio kama mtu anayefukuzwa na nyuki. Hata mbwa walikuwa wamejilaza kivulini.

Alirudi anayumba. Karibu na mlango wao, jirani yao Ngalula aliuza munkoyo, kinywaji kitamu cha mahindi. Abibu alikataa maji, lakini munkoyo hakuihesabu kuwa maji. Alikunywa kikombe kikubwa kwa pumzi moja. Akaingia ndani, akajitupa kwenye mkeka. Nyumba ikaanza kuzunguka. Akatapika kila kitu.

"Nilikuambia," alisema Amida, akipangusa sakafu.

Kesho yake Abibu alikimbia tena, na Amida alipangusa tena. Siku iliyofuata miguu ilimuuma hata kuinama alishindwa. Alikimbia vilevile, akanywa munkoyo vilevile, akatapika vilevile. Kichwa kilimgonga. Ndipo aliposimama mlangoni na kupiga kelele, mtaa mzima ukasikia:

"Ngalula ananitilia sumu! Munkoyo yake iko na sumu!"

Amida alimvuta ndani, lakini alichelewa. Neno lilikwisha kutoka. Na halikuwa neno dogo. Ngalula alikuwa mtu wa Kasai, jimbo jingine la Kongo. Siku zile watu wa Kasai walikuwa wakifukuzwa katika nyumba zao, na mtu mwenye hasira hakuhitaji sababu kubwa.

Jioni hakuna aliyenunua munkoyo. Mtu akarusha jiwe, chungu kikavunjika. Ngalula aliokota vigae. Kisha akaja kwa Amida, macho yamekuwa mekundu.

"Mama Alima, bwana yako anataka baniue? Batoto bangu bote nilibazalia hapa. Sasa niko nafunga vitu."

Alipotoka Ngalula, Amida alimgeukia mume wake.

"Nimechoka na weye! Nilisema sweta, haukusikia. Nilisema maji, haukusikia. Sasa unataka kumwangushia muntu nyumba yake! Kesho asubuhi tunaenda kwa munganga."

Zahanatini walimkuta Numbi, muuguzi wa miaka mingi. Numbi alipima mapigo ya moyo na presha. Akasikiliza kifua. Akauliza maswali taratibu.

"Ni sumu," alisema Abibu.

"Nani mwingine anakunywa ile munkoyo?"

"Mie," alijibu Amida. "Kila siku. Na bajukuu."

"Mulitapika?"

"Hata kidogo."

"Na nani mwingine alikimbia mchana, tumbo limejaa, na sweta juu?"

"Hapana muntu," alisema Amida. "Kichaa iko moja tu."

Numbi alificha kicheko. "Sikiliza, Baba Alima. Moyo wako ni muzuri. Lakini umekaa kwa kiti miaka mingi, halafu siku moja unaushurutisha mwili kama wa soda wa jandarmeri. Ukisha kula, damu inafanya kazi tumboni. Ukikimbia, miguu nayo inaitaka. Tumbo linakasirika, linarudisha chakula. Sweta na jua vinakupasha moto. Jasho linatoka, maji haurudishi. Kizunguzungu kinatoka hapo. Halafu unasimama ghafla nyuma ya mbio, kichwa kinakosa damu."

"Na miguu kuuma?"

"Ile ni kawaida. Viungo vinazoea kazi mpya. Pumzika siku mbili tatu, itapita."

"Basi nisikimbie tena?"

"Mwili unataka kutembea. Lakini anza pole. Asubuhi, jua likiwa bado pole. Nguo nyepesi. Kula kidogo tu, chakula kikubwa kingoje. Kunywa maji mbele na nyuma. Kwanza tembea; ukishindwa kuongea na mwenzako, punguza. Ukimaliza, usisimame ghafla. Tembea polepole mpaka pumzi itulie. Lakini kifua kikibana, ukizimia, au pumzi ikikataa hata umepumzika, usingoje. Kuya hapa mbio."

Abibu aliinamisha kichwa. "Basi Ngalula hakunifanya kitu."

"Hakukufanya kitu," alisema Amida. "Na utabaambia bantu kwa sauti ileile."

Njiani Abibu alinunua chungu kipya. Alimkuta Ngalula amekwisha kufunga mafurushi mawili. Abibu akasimama katikati ya barabara. Aibu ilimchoma, lakini alipaza sauti:

"Majirani! Nilisema uongo! Hakuna sumu. Ni upumbavu yangu mwenyewe njo ulinitapisha. Mama Ngalula, unisamehe."

Akampa chungu kipya, akaomba munkoyo iliyobaki nyumbani, akanywa mbele ya wote. Amida akanywa. Baada ya kusitasita, jirani mmoja akasogea, halafu mwingine. Ngalula hakucheka, hakusema amesamehe. Lakini jioni alifungua mafurushi. Mwaka ule hakuhama.

Abibu alianza kutembea alfajiri pamoja na Amida. Mvua zilipozidi, alikuwa akikimbia kidogo na kutembea kidogo. Hakutapika tena. Miguu iliacha kumuuma, na kifungo cha patalo kikafunga.

Asubuhi moja alirudi anahema, akanyoosha mkono kuomba kikombe. Ngalula alifunika chungu.

"Tembea kwanza, pumzi itulie!" alifoka. "Sitaki tena jina yangu ifike kwa munganga."

Abibu akageuka, akaenda kutembea.