Salamu ya Stoo

Haya yalimkuta Ghanima, jirani yetu wa mtaa wa Buyenzi, mchana kweupe, siku umeme ulipokatika tangu asubuhi. Dada yake Alya, anayeishi Maskati, alimwomba aingie stoo nyuma ya duka lao la vipuri, amtafutie birika la kahawa la marehemu mama yao. Stoo yenyewe haina dirisha. Ghanima aliuvuta mlango ili vumbi la gereji ya jirani lisiingie, akawasha tochi ya simu, akarekodi ujumbe wa sauti.

“Asalamu aleikum, Alya. Birika sijaliona bado.”

Hata dakika haikupita, Alya akapiga simu.

“We, uko na nani mule?”

“Mi niko peke yangu.”

“Apana. Sikiliza vokali yako, ule ujumbe ulionitumia.”

Ghanima aliusikiliza ule ujumbe. Salamu yake ilipoisha tu, sauti kavu, karibu kabisa na simu, ilijibu: “Waleikum salamu.”

Akarekodi tena, safari hii bila kusema neno. Alisikia nyundo za mafundi huko nje, na pumzi zake mwenyewe. Alipousikiliza ujumbe huo, nyundo zilikuwepo, pumzi zilikuwepo, na ile sauti ikatangulia kusalimu: “Asalamu aleikum, Ghanima.”

Tangu utotoni amefunzwa kwamba salamu lazima ijibiwe. Mdomo ulijibu kabla hajauzuia. Na kule nyuma ya maboksi, gizani, mtu akashusha pumzi, kama aliyesimama muda mrefu akingoja kukaribishwa.