Ala Isiyolia

"Shati limetoka kwa dobi. Saa sita."

Aketch aliusoma ujumbe mara moja, akaufuta. Maana yake ilikuwa moja tu: dereva, ndiye 'dobi', angemhamisha shahidi saa sita mchana, na Aketch angekaa naye garini.

Alibakiwa na saa moja na nusu. Na hakuwa na mahali pa kuficha bastola.

Halikuwa jambo dogo. Wiki tatu nyuma, karibu na stesheni ya Campbelltown, ala yake ya nailoni ya kubebea bastola iliteleza chini ya shati. Kitako cha bastola kikachomoza. Mtu waliyekuwa wakimfuata akakiona. Mutua, mwenzake Aketch kazini, alipigwa risasi mbili, na mpaka leo alikuwa akipumua kwa mashine.

Ndiyo maana asubuhi hii alisimama kwenye karakana ya Smithfield, nyuma ya ghala la matairi, mbele ya Mzee Égide Nduwimana. Mrundi huyo alikuwa akiwashonea watu wa Kitengo cha kulinda mashahidi mikanda na ala kwa miaka tisa.

Nje joto lilikuwa nyuzi thelathini na nane. Ndani kulinuka ngozi na nta.

"Nipe ya begani," alisema Aketch.

Égide alimvisha bila ubishi, akamgeuza kwenye kioo. Mikanda ilikuwa imejichora yote mgongoni mwa blauzi.

"Utavaa koti na joto hili, madamu? Kila mtu atakuangalia."

Wakajaribu ya kiunoni. Ilikaa vizuri. Égide akamwonyesha kiti kikuukuu cha Corolla kilichopigiliwa juu ya mbao, mkanda wake bado upo.

"Kaa. Jifunge."

Aketch akakaa. Kifungo cha mkanda kikagongana na bastola, chuma kikamchoma nyongani.

"Watu huchagua wakiwa wamesimama," alisema mzee. "Halafu wanakaa, wanaanza kumtukana fundi."

Ya tatu ilikuwa fupi, ya ngozi ya farasi, ya kuvaliwa ndani ya suruali, mbele, kulia kidogo mwa kitovu. Chini yake kulikuwa na kabari laini ya kuzuia mtutu usichome tumbo. Mdomo wake ulikuwa mgumu, haujifumbi bastola ikitoka. Bastola yake, Glock 43, ikazama ndani yake. Aketch akakaa, akainama, akajipinda. Hakuhisi kitu.

Akachomoa.

Ngozi ikalia. Mlio mwembamba, kama wa kiatu kipya kanisani.

"Hiyo ni ya kupaka nta," alisema Égide. "Yule wa Jumanne nilimpakia mara tatu. Alitaka isilie kabisa."

Mkono wa Aketch ulisimama hewani.

"Nani wa Jumanne?"

"Alitaja neno lenu la siri, basi sikumuuliza jina. Kofia, barakoa. Alikaa kwenye hicho kiti nusu saa. Akaomba nimpe sinia alishike kama usukani."

"Dereva."

"Wa mkono wa kushoto. Ala tukaiweka kiuno cha kulia, kitako mbele. Na kila akichomoa, anageukia nyuma. Hivi." Mzee alipitisha mkono tumboni, akajipinda, akaelekeza kiganja kitupu nyuma ya kiti. "Akasema garini kuna kimya sana. Abiria wa nyuma asisikie kitu."

Aketch aliivua ile ala, akaiweka mbele ya mzee.

"Kidole gumba cha kushoto. Ulikiona?"

"Hakina kucha."

Ronnie.

Miezi minane walifanya kazi pamoja. Krismasi Ronnie alikula chapati jikoni kwa Aketch, akambeba mwanawe Aketch mabegani. Na leo yeye ndiye aliyepangwa kumwendesha Nsimire, yule shahidi.

Nsimire alikuwa mama wa Kikongo aliyefanya kazi kwenye ghala moja la Ingleburn. Kazi yake ilikuwa kufunga vitanda vya hospitali vilivyotumika, vipelekwe Kongo kama msaada. Siku moja kitanda kilimwangukia. Bomba likafunguka, na ndani yake kulikuwa na mtutu wa bunduki. Akapiga picha. Saa nane mchana alitakiwa kuyasema hayo mbele ya tume ya uchunguzi mjini. Kadi ya simu yenye picha hizo aliibeba Aketch, nyuma ya kadi yake ya Opal ya kulipia treni.

Akapiga simu kwa mkuu wake.

"Mwiti, ni Aketch."

"Sema."

"Dobi ni mwizi."

"Una hakika?"

"Kabisa."

"Ameshamchukua mama. Anasema anawahi foleni. Yuko dakika sita kutoka kwako. Nikisimamisha gari..."

"Atampiga mama kwanza. Hajamgusa bado kwa sababu anazitaka picha pia, na picha ninazo mimi. Acha nipande. Fuata simu yangu, kaa mbali."

"Aketch..."

"Muda unakwisha, bosi."

Mwiti alishusha pumzi. "Panda."

Égide alikuwa ameshaanza kupaka nta bila kuambiwa.

"Yule mimi nimemtengenezea," alisema.

"Na mimi nitengenezee, mzee. Paka."

Dakika chache baadaye Aketch alisimama kwenye kona, mbele ya duka la mikate la Wavietnamu. Gari la kijivu, Kluger, likaegeshwa taratibu. Nsimire alikaa nyuma ya dereva, ameukumbatia mkoba wake.

"Kaa mbele, dada," alisema Ronnie, akitabasamu. "Huku kuna hewa baridi."

"Nitakaa na mama. Ana kichefuchefu."

Tabasamu la Ronnie lilichelewa kidogo kuondoka.

Mjini kulikuwa mashariki. Ronnie akaingia barabara kuu ya M7, kuelekea kusini.

"Ronnie, mjini si huku."

"M4 kuna ajali. Tunazunguka."

Redio ilikuwa imezimwa. Kilomita zikapita. Kibao cha Ingleburn kikatokea, gari likachepuka.

Nsimire aliijua barabara ile. Aliipita kila alfajiri miaka miwili.

"Dada," alinong'ona, "hii ni njia ya kazi."

Aketch akambana mkono mara moja, akauachia.

"Picha unazo?" Macho ya Ronnie yalikuwa kwenye kioo.

"Ninazo."

"Poa."

Maghala pande zote mbili. Lango la chuma. Wanaume wawili, mmoja akilisukuma lifunguke. Kluger ikapunguza mwendo.

Mkono wa kushoto wa Ronnie ukaacha usukani.

Ukashuka.

Ukapita tumboni.

Hakukusikika kitu.

Aketch alikuwa ameshachomoa. Na yake pia haikulia.

"Rudisha mkono kwa usukani, Ronnie."

Macho yao yakakutana kwenye kioo. Ya Ronnie yalikuwa mekundu.

"Aketch, hawa watu huwajui. Watanimaliza."

"Rudisha."

Ronnie akageuka na bastola mkononi.

Aketch akafyatua risasi moja. Ilimpata begani, bastola yake ikaanguka kati ya viti. Aketch akapenya katikati, akausukuma mtutu shingoni kwa Ronnie, na kwa mkono mwingine akavuta gia hadi rivasi.

"Mama, lala chini! Ronnie, kanyaga!"

Ronnie akakanyaga. Matairi yakapiga kelele. Wale wawili wakaja mbio wakifyatua risasi, kioo cha mbele kikapasuka, vipande vikamwagika kama chumvi. Mita hamsini. Mia. Kisha magari matatu meusi ya Kitengo yakawapita kwa kasi, yakaziba lango.

"Mmoja chini, mmoja amejisalimisha," sauti ya Mwiti ilikwaruza simuni. "Uko mzima?"

"Wote wazima. Leteni daktari wa dereva."

Ndani ya ghala vilikutwa vitanda mia mbili, vikisubiri meli ya Jumatatu.

Saa nane kasoro dakika tano Nsimire alisimama mbele ya mlango wa tume, vipande vya kioo vikimetameta kwenye nywele zake.

"Wakiniuliza sababu gani sikusema mapema?"

"Waambie uliogopa."

"Ni kweli, niliogopa. Na sasa naogopa."

"Hilo pia waambie."

Nsimire akapokea kadi ya picha, akaingia. Kabla mlango haujajifunga Aketch alisikia sauti yake, ndogo lakini haikukatika: "Mimi ni Nsimire. Kazi yangu ilikuwa kufunga vitanda."

Mwiti alikuwa akimsubiri kwenye ukumbi.

"Ronnie ataishi. Anauliza ulijuaje."

"Mwache aulize."

Akavaa miwani ya jua, akateremka ngazi hadi barabarani, akapotea kati ya watu waliokuwa wakirudi kazini.