Kipande Kilichozungushiwa Waya

"Ndama mmoja tu," mume alirudia. "Mdomo wake mkubwa kiasi gani?"

"Unatosha kuharibu kazi ya watu," mkewe alijibu. "Mtoe."

Walikuwa wamesimama malishoni, wote wawili hoi kwa jua. Mbele yao palikuwa na kipande cha ardhi, kidogo kama sebule, kilichozungushiwa waya. Ndani, majani yalifika magotini. Nje ni vumbi, na ng'ombe wao waliotokeza mbavu. Ndama alikuwa ndani anatafuna, hana habari na mtu.

Mume alisema ndama asipokula leo, kesho watamzika. Tena majani yale yamekua kwa mbolea ambayo watafiti huimwaga kwa siri, kila mtu anajua. Mkewe akamwambia maneno ya kijiweni hayajawahi kunenepesha ng'ombe.

Mtafiti wa malisho akafika kwa pikipiki. Alipomwona ndama, alikaa juu ya jiwe. Hakuwa na nguvu za kugomba.

"Pole, dada," mke alisema. "Ni wetu."

"Kila nyumba husema ni ndama mmoja tu, shemeji," mtafiti alimwambia mume.

Akaeleza kwamba watafiti hawakuweka mbolea wala maji. Udongo ni uleule, mvua ni ileile. Waya unaonyesha ardhi ikipumzishwa inaweza nini. Lakini mwaka uliopita watu waliingiza mifugo humo ndani kwa kificho. Alipopima majani, aliyakuta mafupi.

"Nilikaribia kuandika kwamba ardhi hii imekufa, mhame," alisema. "Nanyi mngehama."

Mume alichuchumaa. Akagusa udongo wa nje, mgumu kama sakafu. Akapenyeza mkono chini ya waya. Wa ndani ulikuwa laini, umejaa mizizi.

"Kwa hiyo haijafa?"

"Imechoka. Kama wewe."

"Ila yenyewe hailalamiki," mke alisema.

Mtafiti aliwashauri wagawe malisho yao. Wafunge upande mmoja mpaka majani yatoe mbegu, kisha wabadilishe. Hakuwaficha kwamba mwanzo utakuwa mgumu. Wasichome mabua ya mahindi, wayatunze yawe chakula cha ndama. Na wale ng'ombe wawili wazee wauzwe wakiwa bado na nyama.

Hilo la kuuza halikumpendeza mume. "Watu wataniita maskini."

"Na ng'ombe wakifa wote, watakuitaje?" mkewe aliuliza.

Mume aliingia ndani ya waya, akambeba ndama, akamtoa. Mke akakaza waya kwa koleo la mtafiti. Kisha mume akachukua panga, akashuka upande wa bondeni, akaanza kukata matawi ya miiba. Wale wanawake wawili waliyaburuta mpaka njia yote ya kushukia bondeni ikazibika. Wale ng'ombe wazee wawili, mume akawafunga kamba pembeni, tayari kwa mnada wa kesho asubuhi.

Ng'ombe waliobaki walifika kwenye miiba, wakasimama, wakashangaa. Mume akapiga mluzi, akawageuza, akawapeleka upande wa mlimani.